Mashine Kumi na Mbili, Namba Moja

Jumapili, saa tisa alasiri. Upepo wa ziwani umeanza tangu saa tano na mabati ya jirani yanagongana. Mvua haijaamua. Nimetoka misa, nimepika, nimeosha vyombo, na sasa nimekaa kwenye meza ya kazi bila kazi yoyote mbele yangu. Moyo umetulia kuliko nilivyotegemea. Nilidhani nitaandika haya nikiona aibu, lakini naona aibu yote niliimaliza jana.

Kwa wanaopita hapa mara ya kwanza: mimi ni fundi wa kompyuta, mwanamke, naelekea miaka hamsini, na nina kibanda changu hapa Kitaji, Musoma. Nilianza kwa kuchapa barua za watu. Mashine zikawa zinaharibika, fundi akiitwa haji, nikaanza kuzifungua mwenyewe. Hiyo ndiyo shule yangu. Watu wananiita Mama Nyangeta, kwa jina la binti yangu wa kwanza, ambaye ameolewa Bunda na anakaa Kabasa. Mume wake anaitwa Magesa. Anafunga kamera na kuvuta nyaya za mtandao.

Habari hii ni ya Magesa, ingawa nitajiongelea zaidi mimi. Ndivyo nilivyo.

Kwetu mkwe wa kiume na mama mkwe hawazoeani. Hawapeani mikono, hawali pamoja, hawakai chumba kimoja wakapiga soga. Akija nyumbani, yeye anakaa sebuleni na mimi naona kazi ghafla jikoni. Tukikutana njiani anakaa pembeni na kuangalia chini mpaka nipite. Salamu inapitia kwa Nyangeta. Ipo namna ya kulegeza hayo, kwa kikao na zawadi, lakini sisi hatukufanya. Kila mtu alimwachia mwenzake aanze. Mimi hujitapa kwamba si mtu wa mila, ila hii moja niliishika kwa mikono miwili, kwa sababu ilinifaa. Mtu anayekuangalia chini hakupi shida.

Miaka mitatu sasa, na nilikuwa sijawahi kumwona Magesa usoni kwa zaidi ya dakika moja.

Miezi miwili iliyopita Sista Paskalina alinipigia simu. Ni mkuu wa shule ya wasichana kule Butiama. Alikuwa na kompyuta kumi na mbili za zamani, zote za aina moja, na alikuwa amepata SSD, yaani diski za kisasa zisizozunguka, kumi na mbili kutoka kwa marafiki wa masista walioko nje. Si zile za umbo la kadi nene tulizozoea. Hizi ni nyembamba kama jojo, mpya, zenye kasi ya ajabu. Alitaka nizifunge ili wasichana wasisubiri mashine iwake mpaka kipindi kiishe. Alitaka pia mtu wa kuvuta nyaya upya, kwa sababu masomo yote yamehifadhiwa kwenye mashine moja ofisini na wanafunzi wanayasoma kupitia mtandao wa humo ndani. Nilimtaja mkwe wangu. Ndiye aliyekuwa amevuta nyaya za mwanzo za maabara hiyo, Sista alikuwa amesahau jina lake tu.

Hapo ndipo Sista aliposema jambo lililobadilisha kazi nzima. Shule inatafuta mtu wa kutunza maabara, kazi ya kudumu, na nyumba ndogo kwenye mstari wa nyumba za walimu. Magesa akiifanya hii vizuri, kazi ni yake.

Nyangeta ana mimba ya miezi saba. Wanakaa chumba kimoja Kabasa, jiko likiwa kwenye korido. Alipopata habari hiyo alianza kuulizia pazia. Simlaumu, hata mimi nilianza kuifikiria hiyo nyumba kama imeshapatikana.

Sasa kidogo kuhusu ufundi, nitajitahidi nisichoshe mtu.

Ukibonyeza kitufe cha kuwasha kompyuta, kitu cha kwanza kuamka ni bayosi. Ni programu ndogo inayokaa ndani ya chipu yenye miguu minane juu ya mazabodi, ile bodi kuu ya ndani. Kazi yake ni kuangalia vifaa vilivyopo, kutafuta diski, na kuikabidhi kazi. Mazabodi za Sista zilitengenezwa kabla ya SSD hizi kuingia mitaani. Bayosi yake inajua diski za kuzunguka na inajua CD. Hii nyembamba, hata ukiichomeka kwa adapta, inaipita bila salamu. Mashine ikishawaka kwa njia nyingine utaiona SSD imo ndani, unaweza kuweka mafaili, lakini mashine haiwezi kuanza kuwaka kutoka humo.

Dawa yake ipo. Unaichomoa mashine kwenye umeme, unatoa betri yake ndogo, unabana ile chipu kwa kibanio chenye waya, unaisoma yote na kuihifadhi kwenye laptopu yako. Halafu unaingiza ndani ya faili hilo kipande kidogo cha programu kinachojua lugha ya SSD mpya, kidogo kuliko picha moja ya simu. Unarudisha faili kwenye chipu. Kama umefanya sawasawa, mashine ya miaka mingi inaamka na kuitambua diski ya juzi.

Nilijifunza kwenye majukwaa ya mafundi mtandaoni, kwa Kiingereza na kwa Kirusi kilichotafsiriwa na mashine. Ya kwanza ilinigomea. Feni inazunguka, skrini nyeusi, kimya. Ilikaa hivyo siku mbili na mimi nikawa nainamia ile chipu kwa miwani miwili, mmoja juu ya mwingine. Siku ya tatu niligundua kwamba programu niliyotumia kuingiza kile kipande ilikuwa imesogeza vitu vingine ndani ya faili. Nikatumia nyingine. Nikabonyeza kitufe, na kabla sijakaa kwenye kiti mashine ilikuwa imeshafunguka.

Nilicheka peke yangu. Mteja aliyekuja kutoa kopi ya cheti akaniuliza kama kuna heri. Nikamwambia ipo.

Kosa lilianzia kwenye furaha hiyo.

Kwenye jukwaa wameandika kwa wino mwekundu: soma chipu ya kila mashine, rekebisha faili la mashine hiyo, lirudishe kwenye mashine hiyo hiyo. Onyo hilo nililisoma. Nilielewa. Lakini mashine zote ni za aina moja, toleo moja, na faili la ile ya kwanza lilikuwa limeshafanya kazi. Nikaona kusoma kumi na moja nyingine ni kujichosha. Nikachukua faili la mashine ya kwanza nikaliandika kwenye zote. Sikuhifadhi ya zamani hata moja. Sista alikuwa ananikimbiza kwa sababu ya mitihani, na hiyo naweza kuiita sababu, lakini ukweli ni kwamba nilikuwa nimejiona fundi.

Halafu nikazipangusa kwa spiriti, nikabandua vile vibandiko vichafu vya nyuma vyenye namba namba, ili masista wazipokee zikiwa safi. Nikazijaribu moja moja hapa kibandani, kwa waya wangu mmoja wa mtandao. Moja ikipita naichomoa, nachomeka inayofuata. Zote zilipita.

Nilizipeleka Butiama Jumamosi moja, nikazipanga juu ya meza, nikaondoka. Magesa alikuja Jumatatu kuvuta nyaya. Sista alidhani ndivyo ratiba zetu zilivyo. Hakuna aliyemweleza kwamba mafundi wake wawili hawawezi kukaa chumba kimoja, na yeye ni mtu wa Mbinga, asingejua.

Jumanne simu za Sista zikaanza.

"Mama Nyangeta, hizi kompyuta zinagombania kiti. Hii ikiingia kwenye masomo, ile inatoka. Nikizima zote nikabakiza moja, hiyo moja inakwenda kama upepo."

Fundi yeyote aliyetulia angeuliza swali moja au mawili na kuelewa. Mimi nilisema ni waya. Nilisema mwambie akaze vichwa vya nyaya.

Magesa akakata vichwa vyote ishirini na vinne, akaviweka upya. Hali ikawa ile ile. Wiki iliyofuata Sista akapiga tena. Nikasema labda nyaya zenyewe ni za hafifu. Magesa akabadilisha nyaya. Hali ile ile. Wasichana wa kidato cha nne wakarudi kusoma kwenye daftari huku kompyuta kumi na mbili zinazowaka haraka kuliko za ofisini zikiwaangalia.

Jumanne iliyopita Sista alipiga mara ya tatu. Sauti yake ilikuwa ya taratibu, ya mtu aliyeshaamua. Akaniuliza: "Mama, wewe ni mama mkwe wake, unamjua. Niambie ukweli. Huyu kijana anaiweza kazi?"

Nilikuwa na kikombe cha chai mkononi. Nakumbuka nilikunywa kwanza.

Nikajibu: "Sista, mimi ninachojua ni kwamba mashine zangu zilitoka hapa zikiwa nzima."

Sikusema hawezi. Nilijisifu moyoni kwa jinsi nilivyolipanga hilo jibu. Sista akashukuru. Siku hiyo hiyo akamwambia Magesa asirudi tena, kwamba atatafuta fundi kutoka Mwanza.

Alhamisi gari la shule lilikuwa linakuja Musoma kuchukua vitabu. Dereva akanishushia kompyuta mbili. Akasema zimetumwa nizichunguze. Nikamwuliza kwa nini mbili, moja ingetosha. Akasema yeye ameambiwa mbili.

Ijumaa asubuhi niliziweka mezani. Kwa kuwa zilikuwa mbili, na sikutaka kuchomoa na kuchomeka, nilitafuta kile kisanduku cha kugawia mtandao, tunakiita swichi, nikachomeka zote kwa pamoja. Ya kulia ikaingia kwenye mtandao. Ya kushoto ikaingia. Ya kulia ikatoka. Nikabadilisha nyaya, nikaweka nyaya zangu mwenyewe nilizozikaza mwenyewe. Ya kushoto ikatoka.

Nikafungua taarifa za mtandao kwenye mashine zote mbili, nikasoma.

Kila kompyuta inazaliwa na namba yake ya mtandao, mchanganyiko wa tarakimu na herufi. Ndiyo jina lake. Swichi inaita kwa namba hiyo, na yenye namba hiyo inaitika. Kwenye mazabodi za aina hii, namba hiyo imeandikwa ndani ya ile ile chipu ya bayosi. Nilipoandika faili la mashine ya kwanza kwenye nyingine zote, nilizipa zote jina la mashine ya kwanza. Ukiita moja, zinaitika kumi na mbili.

Nilikaa. Nikasoma tena namba ya kulia, kisha ya kushoto, herufi kwa herufi, kwa kidole, nikitumaini nimekosea kusoma.

Kisha nikampigia Nyangeta. Sikujua nitamwambia nini, nilitaka tu kumsikia. Nikaanza kuzunguka, nikauliza miguu inavimba au haivimbi. Akaniambia mama, sema. Nikasema. Binti yangu akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anaelezea bei ya nyanya:

"Anajua. Alijua tangu ile siku ya pili. Aliona namba zote ni moja."

Nikamwuliza kwa nini hakusema.

"Atakwambiaje, mama? Mimi nilikuwaga nataka nikupigie kila siku, akanikataza. Anasemaga mkwe haambiwi amekosea, ataona mwenyewe. Siku Sista amemfukuza, kitu cha mwisho alichomwambia huyo Sista ni mpelekeeni mama mashine mbili, msimpelekee moja."

Nikaelewa ule wingi. Moja peke yake ingeniambia kila kitu kiko sawa, na mimi ningefurahi na kuirudisha.

Mtu huyu alikata vichwa ishirini na vinne na kuvuta nyaya upya akijua kabisa nyaya hazina kosa. Alifanya hivyo kwa sababu mimi nilisema ni waya. Alipoteza kazi na nyumba akiwa na jibu mfukoni, na njia pekee aliyoiona ya kunipa jibu hilo bila kunivunjia heshima ilikuwa kunitumia kompyuta mbili.

Niliona aibu. Naliandika hivyo hivyo, bila kulipamba. Niliona aibu mpaka masikio yakapata moto, nikafunga kibanda saa nne asubuhi na kukaa ndani nikiwa nimeshika kibanio.

Jana nilitoka Kitaji kwa gari la kwanza, nikiwa na laptopu, kibanio na zile mashine mbili. Nilifika Butiama kabla jua halijawa kali. Kulikuwa na umande kwenye majani ya ua wa shule na wasichana walikuwa wanafua. Sista alinipokea ofisini. Nilikuwa nimeandaa maneno tangu Kiabakari, ila yote yakapotea, nikasema kwa kifupi. Nyaya ni nzima na zilikuwa nzima tangu siku ya kwanza. Kosa ni langu, nilizipa zote namba moja. Magesa amefukuzwa kwa kosa langu, na nilipoulizwa nililinda jina langu.

Sista hakupandisha sauti. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Umeniambia mimi," akasema. "Yeye ataambiwa na nani?"

Nikamweleza kwamba kwetu haiwezekani, mimi na yeye hatuongei hivyo, naomba amfikishie. Sista akaniangalia kwa muda kama naongea Kizanaki, na sikuwa naongea Kizanaki. Kisha akachukua simu akampigia Magesa, akamwambia aje, na asisahau kuja na ile orodha.

Ndipo nilipojua kuna orodha, na kwamba Sista aliwahi kuonyeshwa. Mimi nilikuwa nimebandua vibandiko na kufuta chipu, kwa hiyo namba za kuzaliwa za zile kumi na moja hazikuwapo popote duniani. Nilikuwa nimeshajipanga kuzitungia namba mpya. Lakini Magesa, alipofunga maabara hiyo mara ya kwanza, alikuwa amenakili namba ya kila mashine kwenye daftari lake, ukurasa mmoja, kwa mwandiko wa kunyooka, pamoja na meza inayokaa na waya unaokwenda kwake. Hakuna aliyemwagiza. Anafanyaga hivyo kila kazi, Nyangeta aliniambia leo.

Alifika kwa pikipiki saa nne na nusu. Hakuingia maabara. Alisimama mlangoni upande wa nje, bega likiwa limeelekea uwanjani, daftari mkononi. Mimi nilikuwa ndani, mgongo kwake, nimeinamia mashine ya pili. Sista akasimama katikati.

Tukaanza. Magesa anasoma herufi sita za mwisho, kwa sababu za mwanzo zinafanana kwa zote. Sista anazirudia kwangu. Mimi naandika ndani ya faili, nabana chipu, nasubiri iandikwe, natoa kibanio. Mashine ya pili, ya tatu, ya nne. Kila moja robo saa na zaidi kidogo. Sista ni mwanamke mwenye subira, lakini kwenye mashine ya tano alisema B na mimi nikasikia D, na Magesa kule nje alijua nimesikia D kwa sababu nilitamka nikiandika. Akamwambia Sista, Sista akaniambia mimi. Wasichana wawili wenye ndoo walisimama kuangalia.

Kwenye mashine ya saba Sista akaitwa, kuna mzazi amefika. Akatutazama mmoja mmoja. Akaondoka, na nina hakika hakuwa na haraka yoyote.

Tukabaki. Mimi na mgongo wangu, yeye na bega lake.

Nilijaribu kuendelea na shughuli ndogo ndogo. Nilikaza skurubu iliyokuwa imekazwa. Nilipuliza vumbi ambalo halikuwapo. Dakika kama kumi zilipita hivyo, na nikafikiria kwamba kama nisingeharibu, mtoto huyu angekuwa anahamisha kitanda leo. Hapo nikasikia kiburi kimekwisha, kama maji yanavyokatika bombani, bila taarifa.

Nikasema, bila kugeuka: "Magesa. Ingia ndani. Jua litakuumiza."

Halafu nikasikia viatu kwenye sakafu. Alikaa kwenye benchi la nyuma kabisa, meza tatu kutoka kwangu.

Nikageuka. Nilimwangalia usoni na yeye akaangalia daftari. Ana kovu dogo juu ya nyusi ambalo nilikuwa sijawahi kuliona.

"Nimekukosea," nikamwambia. "Nilijua jinsi ya kufanya, nikafanya mkato, halafu nikakutupia wewe. Sista nimeshamwambia."

Kalamu aliigeuza mara mbili.

"Tuendelee, mama," akasema. "Ya saba."

Akasoma ya saba. Nikaandika. Ya nane. Ya tisa. Hatukuongea zaidi ya herufi na tarakimu, ila alikuwa amesogea meza moja mbele, sikuona saa ngapi. Tulipofika ya kumi macho yangu yalikuwa yamechoka na shingo inauma. Niliandika, nikashika kibanio, nikawa nainama kubana chipu.

"Hapana."

Nilisimamisha mkono.

"Hiyo umerudia ya tisa, mama," akasema. Sauti ilikuwa ndogo, na bado aliangalia chini, lakini alisema. "Ya kumi inaishia na nne na A. Hiyo uliyoandika si yenyewe. Ukiweka hiyo, zitagombana tena."

Nikatazama skrini. Kweli. Nilikuwa naweka kosa lile lile mara ya pili, kwenye chumba kile kile, na safari hii mtu amenizuia. Nilisikia furaha ambayo sikuitegemea, furaha kabisa, machozi yakanijia nikasingizia spiriti. Nikafuta, nikaandika alivyosema.

Nilipoinua kichwa Sista alikuwa mlangoni. Sijui alikuwa amesimama kwa muda gani. Alisubiri mpaka mashine ya kumi na mbili ilipokwisha na tukawasha zote kwa pamoja, zote zikaingia kwenye masomo, na hakuna iliyoitoa nyingine. Kisha akamwambia Magesa aje Jumatatu na vyeti vyake, na kwamba yule fundi wa Mwanza, Sista mwenyewe atampigia asije. Magesa akaitika, akaenda nje kuwasha pikipiki, na mara mbili ikakataa kuwaka kwa jinsi alivyokuwa anaikanyaga.

Mimi Sista hakuniambia nirudi. Mashine zikiharibika sasa kuna mtu wa kuziangalia hapo hapo, tena anayeandika namba. Ni haki.

Hayo ndiyo ya jana. Leo mchana nilipika sato wa mchuzi. Baba Nyangeta, mume wangu, alikula kwanza, akamaliza sahani, akasema asante, akaenda kukaa kibarazani na redio yake kama kila Jumapili. Mimi nikajipakulia baadaye. Chumvi ilikuwa imezidi kiasi kwamba nilitema tonge la kwanza.

Nimetoka sasa hivi kumwuliza. Nimemwambia sema ukweli, chumvi ilikuwa nyingi? Akaangalia pembeni, akapunguza redio, akasema kidogo. Nikamwuliza ni leo tu, au huwa naizidisha. Akasema huwa. Nikamwuliza tangu lini.

Akafikiri kwa dhati, kama mtu anayetafuta hati ya shamba. Akasema tangu tulipokuwa Bukima.

Tulihama Bukima Nyangeta akiwa hajaanza kutembea.